Bondo ilivyomsubiri Jaramogi kwa miaka 26

WAPIGAKURA wa Bondo walimchagua Jaramogi Oginga Odinga mnamo Juni 1966. Hawakupata tena nafasi ya kumpigia kura hadi Desemba 1992.

Katika kipindi hicho cha miaka 26, Kenya ilifanya chaguzi kuu tano, na Bondo ikaandaa pia uchaguzi mdogo. Jina la mwanasiasa huyo halikuwemo katika karatasi ya kura hata mara moja. Si kwamba wakazi walikuwa wamemkataa. Uamuzi ulikuwa ukifanywa Nairobi kabla wao hawajafika kituoni.

Jaramogi alizaliwa yapata mwaka wa 1911 katika eneo la Bondo, karibu na Ziwa Victoria, ambako riziki ilitokana na uvuvi, mifugo na kilimo. Alisoma Maseno, Alliance na hatimaye Makerere, kisha akarejea nyumbani kufundisha.

Sifa zake za kwanza hazikutokana na siasa bali biashara. Mnamo 1947 alianzisha shirika la Luo Thrift and Trading Corporation, akazunguka vijijini akiwasihi watu waweke pamoja akiba zao ili nao wamiliki maduka, majengo na mitambo ya kuchapisha magazeti. Baadaye alitawazwa Ker, kiongozi mkuu wa chama cha Luo Union. Kwa hivyo alipoingia katika siasa za uchaguzi, tayari alikuwa akifahamika kila soko.

Nafasi hiyo ilijitokeza Machi 1957, Waafrika waliporuhusiwa kwa mara ya kwanza kuchagua wajumbe wao katika Baraza la Kutunga Sheria. Viti vilikuwa vinane pekee nchini kote. Wala si kila mtu aliyepiga kura, kwani sheria ilizingatia elimu, mali na utumishi, na baadhi ya watu walikuwa na kura zaidi ya moja.

Jaramogi aliwania kiti cha Nyanza ya Kati na kumbwaga B.A. Ohanga, aliyekuwa waziri katika serikali ya kikoloni. Mwaka uliofuata alizua kishindo barazani kwa kutangaza kuwa Jomo Kenyatta na wenzake waliofungwa ndio waliokuwa viongozi halisi wa Waafrika, wakati ambapo wengi waliogopa hata kulitaja jina hilo hadharani.

Katika uchaguzi wa Mei 1963 alikuwa mbunge wa Bondo kwa tiketi ya KANU. Aliteuliwa Waziri wa Mambo ya Ndani, na Kenya ilipokuwa jamhuri mnamo Desemba 12, 1964, akawa Makamu wa Rais wa kwanza.

Urafiki wake na Kenyatta haukudumu. Walitofautiana kuhusu ugavi wa ardhi na uhusiano wa Kenya na mataifa ya Mashariki na Magharibi. Katika mkutano wa KANU mjini Limuru mnamo Machi 1966, wadhifa wake wa naibu wa rais wa chama ulifutwa na nafasi yake ikagawiwa manaibu wanane. Mwezi uliofuata alijiuzulu serikalini na kujiunga na chama cha Kenya People's Union (KPU).

Serikali haikukawia. Katiba ilifanyiwa marekebisho upesi, na kila mbunge aliyegura chama kilichomdhamini akalazimika kurudi kwa wapigakura. Ndipo kukafanyika chaguzi ndogo za Juni 1966 katika maeneo mengi kwa wakati mmoja.

KPU ilipata viti tisa pekee katika mabunge yote mawili, ingawa jumla ya kura zake zilizidi za KANU. Bildad Kaggia aliangushwa Kandara, na Achieng' Oneko akapoteza kiti chake Nakuru. Bondo haikuyumba. Ilimrudisha Jaramogi bungeni, safari hii akiwa kinara wa upinzani.

Hata hivyo, muhula huo haukufika mwisho. Oktoba 25, 1969, Kenyatta alipozuru Kisumu kufungua hospitali, ghasia zilizuka na walinzi wakafyatulia umati risasi. Watu waliuawa. Siku chache baadaye Jaramogi alitiwa kizuizini na KPU ikapigwa marufuku. Uchaguzi wa Desemba ulipofanyika, Bondo ilimchagua William Odongo Omamo huku mbunge wake wa zamani akiwa korokoroni.

Jaramogi aliachiliwa mnamo 1971 na kurejea KANU. Lakini uanachama haukuwa tiketi. Mnamo 1974 alizuiwa kugombea, na mnamo 1979, Daniel arap Moi akiwa tayari ameshika hatamu, akazuiwa tena pamoja na waliokuwa wenzake wa KPU.

Matumaini yalifufuka Moi alipompa uenyekiti wa bodi ya pamba. Mnamo 1981 mbunge wa Bondo, Hezekiah Ougo Ochieng', alijiuzulu ili kumwachia mzee kiti. Ni nadra sana mwanasiasa kuacha mshahara na hadhi kwa hiari yake. Lakini ulimi hauna mfupa. Aprili mwaka huo, akiwa Mombasa, Jaramogi alimshutumu hayati Kenyatta kuwa mnyakuzi wa ardhi. KANU ilimfungia mlango, na Omamo akarejea bungeni.

Mwaka uliofuata alifukuzwa chamani, Kenya ikafanywa nchi ya chama kimoja kisheria, na baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1, 1982, akazuiliwa nyumbani kwake Kisumu. Chaguzi za 1983 na 1988 zilipita akiwa nje ya chama pekee kilichoruhusiwa.

Mnamo 1991, akiwa na umri wa takriban miaka 80, alikuwa miongoni mwa waasisi wa FORD, vuguvugu lililochangia kuilazimisha serikali kukubali vyama vingi Desemba mwaka huo. FORD iligawanyika kabla ya uchaguzi, na Jaramogi akaibuka wa nne katika kinyang'anyiro cha urais kupitia Ford-Kenya. Bondo, hata hivyo, ilimpa kiti chake.

Miezi yake ya mwisho haikukosa doa. Uamuzi wake wa kushirikiana na KANU, pamoja na kukiri kwamba alipokea mchango wa mfanyabiashara aliyehusishwa na kashfa ya Goldenberg, uliwaudhi baadhi ya wandani wake na kukitikisa chama.

Alifariki Januari 20, 1994, akazikwa Kang'o ka Jaramogi, boma ambalo mwanawe Raila pia alizikwa mnamo Oktoba 2025. Katika uchaguzi mdogo uliofuata, mwanawe mwingine, Oburu, alitwaa kiti na kukishikilia hadi 2013.

Bondo ilimsubiri mbunge wake kwa miaka 26. Ilipompata, ilikaa naye mwaka mmoja na wiki tatu.