Joseph Parry, Mtoto wa Mgodini Aliyekuwa Mwalimu wa Muziki

Katika kisiwa cha Uingereza, upande wa magharibi, iko nchi ya milima iitwayo Wales. Wenyeji wake ni Wawelisi, nao wana lugha yao wenyewe, Kiwelisi, isiyofanana na Kiingereza hata kidogo. Tangu zamani watu hao wamesifika kwa kupenda kuimba. Katika nchi hiyo, mjini Merthyr Tydfil, alizaliwa Joseph Parry tarehe 21 Mei, 1841, siku ambazo Malkia Victoria alikuwa angali kijana na utawala wake haujatimiza miaka minne.

Merthyr ulikuwa mji wa chuma. Matanuru makubwa yaliwaka mchana na usiku, hata mbingu juu ya mji ilionekana nyekundu kama kwamba jua halijatua. Baba yake Joseph, jina lake Daniel, alifanya kazi katika kiwanda cha chuma cha Cyfarthfa. Mama yake, Elizabeth, alikuwa mwimbaji hodari kanisani, naye ndiye aliyempandia mwanawe mapenzi ya nyimbo. Jamaa hiyo ilikaa katika kijumba kidogo chenye kuta za mawe, katika safu ya vijumba vya wafanya kazi. Watoto walikuwa wengi, na mshahara wa baba ulikuwa haba.

Kwa hiyo Joseph hakukaa sana shuleni. Alipopata umri wa miaka 9 alipelekwa kufanya kazi katika mgodi wa makaa ya mawe. Asubuhi aliteremka chini ya ardhi, mahali pasipo na jua, na jioni akatoka mweusi kwa vumbi la makaa. Miaka mitatu baadaye alitoka mgodini akaingia katika kiwanda cha chuma alimofanya kazi baba yake. Huko hakuliona giza tena, bali aliona moto. Maana vipande vya chuma vilivyotoka tanuruni vilikuwa vyekundu, na mtoto asiyeangalia vema aliweza kuungua mara moja.

Hata hivyo Joseph aliimba. Aliimba katika kwaya ya kanisani pamoja na mama yake, akashika kila wimbo kwa masikio tu. Kusoma alama za muziki hakujua, wala hata kusoma kitabu na kuandika hakujua vizuri.

Mwaka 1853 Daniel Parry aliondoka kwenda Marekani kutafuta kazi yenye mshahara mwema zaidi. Mwaka uliofuata mkewe na watoto wakamfuata. Wakasafiri kwa merikebu kuvuka bahari ya Atlantiki, wakafika Danville, mji wa jimbo la Pennsylvania ulio kando ya mto Susquehanna. Danville nao ulikuwa mji wa chuma, uliosifika kwa kutengeneza reli za kupitia magari ya moshi. Wawelisi wengi walikuwa wamehamia huko, nao walichukua pamoja nao lugha yao, makanisa yao na nyimbo zao. Joseph, aliyekuwa na umri wa miaka 13, akaingia tena kiwandani.

Basi katika kiwanda hicho ndipo mlango wa elimu ulipomfungukia. Wafanya kazi wenziwe, Wawelisi kama yeye, walikuwa na desturi ya kukutana baada ya kazi ili wafundishane muziki. Hawakuwa walimu wa chuo. Mikono yao ilikuwa migumu kwa kushika koleo na nyundo. Lakini walichojua hawakukificha. Joseph alipokuwa na umri wa miaka 17 hivi, mmoja wao aitwaye John Abel alimfundisha kusoma alama za muziki, na mwingine, John Price, alimfundisha jinsi sauti mbalimbali zinavyopatanishwa pamoja ili ziwe wimbo mmoja. Wakati uo huo alijitahidi kujua kusoma na kuandika sawasawa. Watoto wadogo walikuwa wamemtangulia katika elimu hiyo, lakini hakuona haya kuanza mwanzo.

Haukupita muda mrefu kijana huyo akaanza kutunga nyimbo zake mwenyewe. Wawelisi wana mashindano yao ya mashairi na nyimbo, yaitwayo Eisteddfod, na popote walipohamia waliyafanya. Sikukuu ya Krismasi ya mwaka 1860 Joseph alishindana huko Danville kwa wimbo alioutunga, akapata tuzo. Mwaka 1861 alimwoa Jane Thomas, binti wa Kiwelisi wa mji huo huo. Akaendelea kufanya kazi kiwandani mchana na kutunga nyimbo usiku.

Ndipo alipojaribu jambo kubwa zaidi. Alituma nyimbo zake ng'ambo ya bahari, kwenye mashindano makubwa ya taifa huko Wales. Katika mashindano hayo mtunzi haandiki jina lake, bali jina la kujificha, ili waamuzi wasipendelee mtu. Mwaka 1863, na tena mwaka uliofuata, nyimbo hizo zilipata tuzo. Mwaka 1865 Joseph alisafiri mwenyewe kwenda Wales kuhudhuria Eisteddfod ya Aberystwyth, akapewa jina la heshima, Pencerdd America, maana yake mwanamuziki mkuu wa Marekani.

Watu waliomjua waliona kwamba ni hasara kuuacha moyo kama huo ufanye kazi ya tanuru maisha yake yote. Lakini angewezaje kwenda chuoni? Alikuwa na mke na watoto wa kulisha. Akiacha kazi, chakula kingetoka wapi? Hapo Wawelisi wakafanya jambo lisilosahauliwa. Walianzisha mchango. Katika Marekani na katika Wales watu walitoa fedha, kila mtu kwa kadiri yake, na wengi wao walikuwa wachimba makaa na wafua chuma wenye mshahara mdogo. Joseph naye hakukaa kungoja kulishwa: alizunguka miji ya Wawelisi katika Marekani akiimba mbele ya watu, ili kuongeza mchango ule. Kidogo kidogo ikawa nyingi, na mwaka 1868 akavuka bahari pamoja na mke na watoto wake, akaingia katika Chuo cha Muziki cha Kifalme, London.

Alikaa chuoni miaka mitatu. Mwalimu wake mkuu alikuwa William Sterndale Bennett, mtunzi aliyeheshimiwa sana katika Uingereza, naye Joseph alimpenda hata mwana wake mmoja akamwita jina la mwalimu huyo. Wanawe wengine aliwaita Haydn na Mendelssohn, majina ya watunzi wakubwa. Mwaka 1871 alipata shahada ya muziki ya Chuo Kikuu cha Cambridge. Kisha akarudi Danville, kwa watu waliomsaidia, akafungua shule ya muziki.

Mwaka 1872 Wawelisi walikuwa wamefungua chuo kikuu chao cha kwanza huko Aberystwyth, mji wa pwani. Chuo hicho nacho kilisimama kwa michango ya watu, hata senti za maskini. Mwaka 1874 Joseph Parry aliitwa kuwa Profesa wa kwanza wa muziki katika chuo hicho. Hivyo mtoto aliyeingia mgodini akiwa na miaka 9 alikuwa profesa kabla ya kutimiza miaka 34. Mwaka 1878 Cambridge ikampa cheo cha Daktari wa Muziki.

Miaka ya Aberystwyth ilizaa matunda mengi. Huko alitunga wimbo wa mapenzi uitwao Myfanwy, ambao kwaya za wanaume katika Wales huuimba hata leo. Tarehe 21 Mei, 1878, siku alipotimiza miaka 37, mchezo wake wa kuimbwa uitwao Blodwen ulionyeshwa mara ya kwanza. Ulikuwa opera ya kwanza kutungwa kwa Kiwelisi, na katika miaka iliyofuata ulichezwa mara nyingi sana mijini na vijijini. Tena alitunga sauti ya wimbo wa kanisa, akaiita Aberystwyth kwa jina la mji ule, nayo ilipigwa chapa mwaka 1879. Ni sauti ya huzuni na utulivu, kama sala ya mtu aliye katika tufani. Wakristo wa nchi nyingi wameitumia kuimbia maneno ya Charles Wesley ya kumwomba Yesu awe kimbilio.

Lakini si kila jambo lilikwenda sawa. Wanafunzi wa muziki waliongezeka, wanaume kwa wanawake, nayo kwaya ya profesa ilisafiri huko na huko kuimba. Wakuu wa chuo waliona kwamba muziki umepita kipimo chake, wakaanza kuupunguza. Mwaka 1880 Parry aliiacha kazi ile. Hakukata tamaa. Alihamia Swansea, akafungua chuo chake mwenyewe cha muziki na kupiga kinanda kanisani. Toka mwaka 1888 akafundisha katika chuo cha Cardiff mpaka mwisho wa maisha yake.

Huzuni nayo ilimpata, maana wanawe wawili walikufa kabla yake, mmoja wao Haydn, aliyekuwa ameanza kujulikana kwa utunzi. Hata katika siku hizo Parry hakuacha kuandika. Alitunga opera nyingi na nyimbo zisizohesabika upesi. Wajuzi wanasema kwamba aliandika kwa haraka mno, wala hakurudi kusahihisha kama ilivyopasa. Kwa sababu hiyo kazi zake nyingi kubwa zimesahauliwa. Zilizobaki ni zile fupi, ambazo mfanya kazi aweza kuzishika moyoni na kuziimba akirudi nyumbani.

Joseph Parry alikufa tarehe 17 Februari, 1903, katika mji wa Penarth karibu na Cardiff, akiwa na umri wa miaka 61. Akazikwa huko huko Penarth, na watu wengi sana wakamsindikiza. Kile kijumba alimozaliwa huko Merthyr kimehifadhiwa ili watu wakione.

Kuna jambo moja zaidi. Mwaka 1897, Parry alipokuwa angali hai, mwalimu mmoja wa shule ya misioni karibu na Johannesburg, Enoch Sontonga, alitunga wimbo wa kuiombea Afrika baraka. Wimbo huo ulienea katika Afrika ya Kusini, ukavuka mipaka, na mwaka 1961, Tanganyika ilipojitawala, sauti yake ilifanywa kuwa wimbo wa taifa kwa maneno ya Kiswahili; leo ni wimbo wa taifa la Tanzania. Wako wajuzi wa muziki wasemao kwamba sauti ya Sontonga inafanana na ile ya Aberystwyth, na kwamba huenda aliisikia kanisani. Wengine wanakataa. Sontonga mwenyewe alikufa mwaka 1905, wala hakuacha neno juu ya jambo hilo. Lakini hawa wawili walifanana katika jambo moja lisilo na shaka: kila mmoja alikuwa mwalimu aliyetunga wimbo kwa watu alioishi nao, na wimbo ukaenda mbali kuliko alivyokwenda mwenyewe.

Joseph Parry alikuwa na kipawa, lakini kipawa peke yake hakikumtoa tanuruni. Walimtoa wafua chuma waliomfundisha jioni wakiwa wamechoka, na maskini waliotoa fedha zao kidogo bila kujua kama watapata faida. Naye alilipa deni lile kwa njia aliyoiweza: alifundisha wengine karibu miaka 30, akawaachia watu wake nyimbo. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba kile kilichojazwa na maskini kimewalisha watu wengi, hata wasiojua jina la mtunzi.