Geoffrey Griffin wa Starehe: Mtu Aliyewaombea Ada Wana wa Maskini

Safari hii twawaletea habari za mtu ambaye hakuwa askofu wala mmisionari, bali askari aliyegeuka kuwa mlezi wa vijana. Amefariki yapata miaka zaidi ya 20 sasa, lakini kazi yake ingali inasimama jijini Nairobi, na sisi wa Tarime na Serengeti, tulio jirani na mpaka wa Sirari, hatuna udhuru wa kutoijua. Jina lake ni Geoffrey William Griffin.

Griffin alizaliwa Eldoret, nchini Kenya, mwezi Juni mwaka 1933, katika jamii ya Wazungu wa koloni. Alisoma katika shule ya Prince of Wales, Nairobi, ambayo siku zile ilikuwa ya watoto wa Kizungu peke yao. Leo yaitwa Nairobi School. Kwa hiyo alikua kama walivyokua wenzake, na hapakuwa na dalili kwamba maisha yake yangetumika kwa ajili ya watoto wa Kiafrika wasio na kitu.

Oktoba 1952 serikali ya koloni ilitangaza Hali ya Hatari kwa sababu ya vita vya Mau Mau. Griffin, kijana bado, aliingia jeshini katika King's African Rifles. Huko aliona mambo yaliyomsumbua moyo. Aliona jinsi wananchi walivyotendewa, na muda wake wa utumishi ulipokwisha alikataa kuendelea. Tusilipite jambo hili upesi. Ni rahisi mtu kuona uovu akanyamaza kwa kuwa mshahara unaendelea kuja. Yeye aliacha cheo, akaomba kazi miongoni mwa vijana walewale walioitwa adui.

Katikati ya miaka ya 1950 alitumwa kwa wavulana waliokuwa kizuizini, kwanza Manyani, kwenye njia ya kwenda Mombasa, kisha Wamumu, katika nchi ya Mwea. Wavulana hao walikuwa wamekamatwa katika vita ambavyo wengine wao hawakuvielewa vizuri. Pale Wamumu waliwekwa pamoja wapate masomo, ufundi, michezo na nidhamu, ili warudi nyumbani wakiwa watu wa kutegemewa. Griffin alijifunza huko somo ambalo hakuliacha tena maishani: kijana akiaminiwa, hujitahidi asivunje imani hiyo, akitendewa kama mhalifu, huishia kuwa mhalifu.

Vita vilipokaribia kwisha, mitaa ya Nairobi ilijaa watoto wasio na makao. Baba wengine walikuwa wamekufa, wengine wamefungwa, na vijiji vilikuwa vimevurugwa. Watoto walilala barazani mwa maduka na kula walichookota. Novemba 1959 Griffin, pamoja na wenzake wawili Waafrika, Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu, alifungua kituo cha kuwapokea katika sehemu iitwayo Starehe. Walianza na vibanda viwili vya mabati walivyopewa na makampuni ya mafuta ya Shell na BP. Hapakuwa na akiba benki wala hakikisho la chakula cha mwezi ujao.

Tungependa wasomaji watambue kwamba kazi ile ilianzishwa na watu watatu, wala si mmoja. Hali ya Hatari ilikuwa haijaondolewa bado, na Mzungu aliyekuwa askari alishikana mikono na Waafrika wawili kulea watoto wa vita. Geturo na Gikubu waliendelea naye kwa miaka mingi, na hadithi ya Starehe isiyowataja ni hadithi nusu.

Sasa tufike penye jambo lenyewe, yaani fedha. Kituo kilikua kikawa shule: kwanza ya msingi, kisha sekondari, na baadaye mafunzo ya ufundi. Kila hatua ilihitaji walimu, vitanda, unga na vitabu, na walioingia hawakuwa na cha kulipa. Griffin alikata shauri kwamba shule isishushwe kwa sababu ni ya maskini. Aliona ni dharau kumpa mtoto wa maskini elimu hafifu na kumwambia ashukuru. Basi ilimpasa awe mwombaji. Aliandika barua, akabisha milango ya makampuni, akazungumza na wageni waliopita Nairobi. Shirika la Save the Children la Uingereza lilikuwa miongoni mwa waliomsaidia sana. Watu wa kawaida wa nchi za mbali walichukua kila mmoja mtoto wake wa kumlipia, na mtoto naye alimwandikia mfadhili wake kumweleza maendeleo yake. Hivyo mtoaji hakutupa fedha gizani. Alijua jina la kijana, na kijana alijua kwamba yuko mtu anayengoja habari zake.

Utaratibu wa kuchagua wanafunzi ulikuwa na mizani mbili, uwezo wa kusoma na shida ya nyumbani. Wengi wao, yapata saba katika kila kumi, walisoma bila ada. Waliobaki walilipa kwa kadiri ya uwezo wa wazazi wao. Watoto wa wenye mali walikuwapo pia, lakini walilala bweni moja na mtoto wa mjane, wakala chakula kimoja na kuvaa sare ileile ya shati jekundu na kaptula ya buluu. Sisi tuliofundisha miaka mingi twajua jinsi mtoto anavyoumia anaposimamishwa mbele ya wenzake kwa sababu ya ada. Wako waliokuwa na vichwa vyepesi ambao hatukuwaona tena baada ya siku ile.

Tena Griffin hakuona kwamba kulipa ada kunatosha. Mtoto wa tajiri hupata nyumbani mambo mengi yasiyo darasani, kama vitabu, mazungumzo na safari. Mtoto wa maskini asipoyapata shuleni, hatayapata popote. Kwa hiyo Starehe ilikuwa na bendi, michezo, vyama vya kila namna, na baraza la kila juma ambapo mwanafunzi yeyote alisimama na kuuliza au kulalamika mbele ya mkurugenzi bila hofu ya kuadhibiwa. Na kwa kuwa walipokea bure, walifundishwa nao kutoa bure. Waliomaliza masomo walipelekwa kujitolea kwa muda katika hospitali, shule na ofisi kabla ya kuendelea na safari yao. Wito wa shule ni Natulenge Juu, na kwa hakika walilenga. Shule iliyoanzia katika vibanda vya mabati ilihesabiwa mara nyingi miongoni mwa zile zilizoongoza Kenya nzima katika mitihani ya taifa.

Wakati huohuo Griffin alikuwa na kazi nyingine. Mwaka 1964 serikali ya Kenya huru ilimweka kuwa mkurugenzi wa kwanza wa jeshi lake la vijana wa kujenga taifa, linalofanana na JKT yetu iliyoanzishwa mwaka 1963. Aliishika kazi hiyo hadi mwaka 1988, na muda wote huo hakuiacha Starehe. Serikali ya wananchi kumkabidhi vijana wake mtu aliyekuwa askari wa koloni ni ushuhuda mkubwa kwamba watu walikuwa wameupima moyo wake.

Mapema mwaka 2005 shule ya wasichana ya Starehe ilifunguliwa, kwa msingi uleule wa kuwasaidia wenye akili wasio na uwezo. Twaweza kusema ilichelewa, maana ilikuja miaka 45 baada ya ile ya wavulana, lakini ilikuja. Tarehe 28 Juni mwaka huohuo Griffin alifariki dunia. Alizikwa katika uwanja wa shule aliyoitumikia, kati ya vijana wake.

Twajifunza nini sisi huku Mara? Tangu Januari 2016 ada imeondolewa katika shule za serikali kidato cha kwanza hadi cha nne, na tangu mwaka 2022 hata cha tano na cha sita. Twashukuru. Lakini sare, madaftari, nauli na mahitaji ya bweni vingali juu ya mzazi, na shule zisizo za serikali, zikiwamo za makanisa, haziendeshwi bila ada. Mzazi wa Tarime au Mugumu huuza ng'ombe muhula wa kwanza, na muhula wa pili zizi ni tupu. Kijana hurudi kuchunga, au huenda kubahatisha kwenye mashimo ya dhahabu, na hapo akili aliyopewa na Mungu hupotea bure.

Maisha ya Griffin yatuonyesha mambo manne. Kwanza, kazi yaweza kuanza na kidogo. Jogoo na gunia la mahindi yanayonadiwa baada ya ibada yana nafasi yake, kama zilivyokuwa na nafasi senti mbili za mjane. Pili, mchango wa siku moja ya shangwe hausomeshi mtu. Kijana hukaa shule miaka minne au sita, na afadhali kidogo kila mwezi kuliko kingi mara moja na kusahau. Tatu, achaguliwe mwenye shida na bidii, wala si mwana wa mzee wa kanisa kwa kuwa ni mwana wa mzee wa kanisa. Na hesabu zisomwe waziwazi, maana mtoaji asiyejua fedha imekwenda wapi hatatoa tena. Nne, anayesaidiwa afundishwe kutumikia, ili kesho awe yeye anayemshika mkono mwingine. Wahitimu wa Starehe wamefanya hivyo. Wako wanaoichangia shule iliyowalea.

Griffin hakungoja awe tajiri ndipo asaidie, wala hakuona haya kuomba kwa ajili ya wengine. Kuomba kwa ajili ya tumbo lako ni jambo moja. Kumwombea mtoto wa mwenzako ni jambo jingine, na lina heshima. Katika kila mtaa wetu yuko kijana mmoja ambaye walimu wake wanamjua na ambaye baba yake hana la kufanya. Tusingoje mfadhili wa mbali amgundue kabla yetu.