Habib Saleh na watoto waliokosa chuo

Kila Mfunguo Sita ukifika, watu humiminika Lamu kwa maulidi. Mimi nilianza kwenda nikiwa mdogo, nimeshikwa mkono na bibi yangu, na kwa miaka mingi nilimjua Habib Saleh kwa matari, udi na pilau tu. Mtu mwenyewe nimekuja kumfahamu ukubwani.

Ni Sayyid Saleh bin Alawy Jamalilail. Alizaliwa Ngazija katika karne ya 19, akaja Lamu angali kijana, akasoma kwa wanavyuoni wa mji, akiwemo Mwenye Mansab. Kwa nasaba yake ya kisharifu angeweza kukaa barazani na wakubwa, akabusiwa mkono mpaka siku ya kufa. Hakutaka hayo.

Tusifichane, Lamu ya wakati ule ilikuwa na matabaka. Elimu ya dini ilikuwa mali ya waungwana. Mtumwa akijua kuswali, ilionekana yatosha. Utumwa wenyewe haukufutwa hapa kwetu mpaka 1907. Basi Habib Saleh akashuka Langoni, kusini mwa mji, akaketi na watumwa, watoto wao na wageni wasio na ukoo wa kutajika, akawafundisha kile kile walichofundishwa waungwana. Mji ukanung'unika. Alipoingiza matari katika maulidi ya Al-Habshi, yaliyotoka Seiwun huko Hadhramaut, wengine walisema ni uzushi. Hakugombana nao. Aliendelea kusomesha, mpaka ukasimama msikiti wa Riyadha ambao leo wajukuu wa wale walionung'unika wanagombania safu ya mbele.

Sisi wengi tumezipokea amri za Mwenyezi Mungu kama orodha ya deni: hii nimelipa, ile bado. Yeye, kwa ninavyomwelewa, alizishika kama mtu anayempenda mwenye kuamrisha, na ukimpenda mtu huwezi kuwafukuza waja wake mlangoni. Ndiyo maana ibada yake haikuishia kwenye mswala. Alifariki miaka ya 1930, na waliomlilia zaidi naamini ni wale wa Langoni.

Nayaandika haya kwa sababu yananihusu. Mwaka juzi nilikuwa kwenye kamati ya madrasa moja. Mtoto wa hamali alirudishwa nyumbani kwa deni la ada ya miezi mitatu. Mwenyekiti alituuliza kama kuna mwenye neno. Sikuwa nalo. Wiki chache baadaye nikapanda boti kwenda Lamu, kanzu imepigwa pasi. Tuliposimama kwa qiyamu pale Riyadha, yule mtoto akanijia machoni na juzuu yake kwapani, sauti ikanikauka.

Niliporudi nilikwenda mtaani kwao na ile pesa. Chumba kilikuwa na mpangaji mwengine. Babake alikuwa ameshahama na watoto, na majirani hawakujua ameelekea wapi.