Dk. Matthew Lukwiya: Daktari aliyeiwahi Ebola Gulu

Dk. Matthew Lukwiya alizaliwa mwaka 1957 Kitgum, kaskazini mwa Uganda. Baba yake, mchuuzi wa samaki, alifariki dunia Matthew akiwa bado mtoto. Akili zake darasani zilimfikisha Chuo Kikuu cha Makerere, na mwaka 1983 akaanza kazi katika Hospitali ya St. Mary's Lacor, jirani na mji wa Gulu. Alibaki huko hata vita vya waasi wa Joseph Kony vilipopamba moto. Mwaka 1989 waasi walipovamia hospitali wakitaka kuwateka watawa, alijitolea achukuliwe yeye, akakaa nao msituni kwa takriban wiki moja.

Oktoba 2000 alikuwa Kampala akisomea shahada ya uzamili ya afya ya jamii. Tarehe 7 alipigiwa simu kutoka Lacor: ugonjwa usiojulikana ulikuwa ukiua watu, wakiwamo wanafunzi wa uuguzi. Jioni hiyo hiyo alifika, akapitia kumbukumbu za wagonjwa na miongozo ya homa zinazosababisha kutokwa na damu. Alishuku Ebola.

Hakungoja maabara ithibitishe. Kama angekosea, hospitali ingepoteza wodi moja na siku chache; kama angengoja, ingepoteza watu. Wodi ya kuwatenga wagonjwa ilifunguliwa, wakahudumu humo wauguzi waliojitolea, wakivaa gauni, buti, glovu, barakoa na miwani, na kila kitu kikisafishwa kwa klorini. Katikati ya mwezi, majibu ya vipimo kutoka Afrika Kusini yalionyesha kuwa ni Ebola kweli.

Hata hivyo, wahudumu waliendelea kuugua. Mwezi Novemba, wenzao kadhaa walipofariki kwa mkupuo, wafanyakazi walikusanyika wakitaka hospitali ifungwe. Lukwiya alikaa nao kwa saa nyingi, akawasikiliza, akawaeleza kuwa hamlazimishi mtu, lakini yeye atabaki. Walirudi kazini.

Mwezi huo huo, usiku mmoja, muuguzi aliyekuwa mgonjwa mahututi alichanganyikiwa na kuondoka kitandani huku akitokwa na damu. Lukwiya aliitwa usingizini. Alivaa gauni, glovu na barakoa, miwani hakuvaa. Inaaminika kwamba hapo ndipo alipoambukizwa, kwa kukosa kifaa kimoja alichokuwa akiwahimiza wenzake wasikiache.

Alifariki Desemba 5, 2000, akiwa na umri wa miaka 43, akaacha mjane na watoto watano. Alizikwa katika viwanja vya hospitali, kando ya kaburi la Dk. Lucille Teasdale, mmoja wa waliomlea kikazi. Waliomzika walivaa mavazi ya kujikinga, kama alivyoelekeza kwa kila aliyekufa kwa ugonjwa huo.

Mlipuko ulitangazwa kumalizika Februari 2001. Walioambukizwa walikuwa 425, waliokufa 224. Miongoni mwao walikuwamo wafanyakazi 13 wa Lacor, naye akiwa mmoja wao.