Mwami M'siri na uzi wa shaba

Kable ya mikro ukiitazama haionekani kitu. Ganda jeusi la mpira, fishi moja kila upande, pini tatu ndani, basi. Lakini ukiikata utakuta shaba, na shaba ni habari ya Katanga. Huko Japani, Ulaya na Marekani kuna mafundi wanaouza kable ya sauti ya mita moja kwa madolari mia kadhaa, hata elfu na zaidi, na wanaisifu shaba yao: namna ilivyoyeyushwa, namna ilivyovutwa, namna ilivyosukwa. Kumbe kazi ya kuvuta shaba mpaka iwe uzi ilifanyika Bunkeya zaidi ya miaka 130 iliyopita, chini ya mtu ambaye kila mwanafunzi wa Katanga amesikia jina lake: Mwami M'siri.

Watu wanamkumbuka kwa bunduki, kwa watumwa, na kwa kichwa chake kilichokatwa. Habari ya waya imebaki nyuma.

Jina lake la kwanza ni Ngelengwa. Alizaliwa karibu na mwaka 1830 katika nchi ya Wasumbwa, upande wa magharibi wa Tabora, katika Tanzania ya leo. Baba yake, Kalasa, alikuwa mfanyabiashara wa misafara. Alikuwa anakuja mpaka Katanga kutafuta shaba, na alielewana vizuri na wakubwa wa Basanga. Kwa hiyo mtoto alikua akisikia habari za nchi ambako mawe ya kijani yanatoa chuma chekundu. Katikati ya miaka ya 1850 alikuja mwenyewe, na watu wake na bunduki zao. Wenyeji wakawaita Bayeke, ni kusema wawindaji wa tembo.

Shaba aliikuta tayari, hakuileta yeye. Basanga na majirani zao walikuwa wanayeyusha tangu zamani sana. Hata katika Haut-Lomami, kwenye ile Sanga ingine ya kando ya Ziwa Kisale, wachimbaji wa mambo ya kale walianza mwaka 1957 kufukua makaburi yenye mikufu na vikuku vya shaba, na mengine yana umri wa miaka elfu hivi. Misalaba ya shaba ilitembea nchi nzima sawa pesa. Kwa hiyo mtu akisema M'siri aliwafundisha Basanga kuyeyusha, anawakosea Basanga.

Kitu ambacho Bayeke walikileta, wanahistoria wanaeleza, ni kuvuta waya. Huko kwao Unyamwezi na Usumbwa, vikuku vya uzi mwembamba vilikuwa pambo la kila siku, na waya nene, ile Waswahili waliyoiita masango, ilikuwa bidhaa ya misafara kutoka Zanzibari. Waya ya pwani ilikuwa inapanda bara mgongoni mwa wapagazi, miezi na miezi njiani. M'siri alikaa juu ya shaba yenyewe. Hesabu yake haikuwa ngumu.

Alianza kama mgeni wa wakubwa wa nchi. Mapokeo yanasema alimsaidia Mpande, mkubwa wa Basanga, kuwafukuza washambuliaji wa Kiluba, juu bunduki zilikuwa jambo jipya. Kiisha mgeni akawa mwenye nyumba. Kidogo kidogo alichukua madaraka, akajenga mji wake Bunkeya, na akaita nchi yake Garanganze. Miaka ya 1880 Bunkeya ilikuwa soko la njia mbili: moja kwenda Tabora na Zanzibari, ingine kwenda Bihé na Benguela, Angola, kwenye bahari ya upande wa pili. Pembe za tembo, chumvi, shaba na watumwa vilitoka. Nguo, baruti na bunduki viliingia. Kiswahili nacho kilitembea kwenye njia hiyo, na sehemu ya Kiswahili tunachosikia Katanga leo ina mizizi pale.

Kazi ya shaba ilikuwa ya kiangazi, mavuno yakiisha. Watu walikusanya malakiti, lile jiwe la kijani, wakachoma makaa, wakajenga tanuru kwa udongo wa kichuguu, na mivukuto ikapuliza mpaka shaba ikashuka. Ilikuwa kazi ya kundi lenye siri zake na wakubwa wake, waliojulikana kama walaji wa shaba, ni kusema watu wanaokula kutokana na shaba. Sehemu ya mavuno ilikwenda kwa Mwami kama ushuru.

Hapo fundi wa waya anaanza. Anachukua kipande, anakipiga nyundo mpaka kiwe fimbo nyembamba, anachonga ncha. Ncha inapita katika tundu la kipande cha chuma kigumu, inakamatwa kwa koleo, na watu wanavuta kwa nguvu. Shaba inatoka upande wa pili ikiwa nyembamba zaidi na ndefu zaidi. Kiisha tundu dogo zaidi, na lingine dogo zaidi. Lakini shaba ina tabia yake: kila ukiivuta inakuwa ngumu, na ukilazimisha inakatika. Lazima irudi motoni ilainike, ndipo uvute tena. Mwisho wake ni uzi unaoweza kuzungushwa, pete juu ya pete bila nafasi, juu ya nywele za mkia wa mnyama au nyuzi za mmea. Ndivyo vikuku vya Bayeke vilivyotengenezwa: vyepesi, vinapinda bila kuvunjika.

Mtu wa redio akikiangalia kikuku namna hiyo atashangaa, juu kinafanana na kable. Ndani ya kable nyingi za mikro kuna nyuzi za pamba zinazoijaza iwe duara na kupunguza kelele ya kuishikashika. Na kable zingine zinafunikwa kwa nyaya nyembamba za shaba zilizozungushwa juu vilevile, kama kinga. Kinga ya kuzungusha inapinda vizuri kuliko ile ya kusuka, ijapo inaacha mwanya kidogo ukiipindapinda sana.

Siri ya pini tatu ni hii. Sauti inayotoka kwenye mikro ni ndogo mno, mara nyingi elfu moja tu ya volti. Pembeni kuna gurupu inanguruma, kuna taa za neon, kuna simu, na vyote vinamwaga kelele ndani ya waya. Kwa hiyo sauti inapewa waya mbili badala ya moja, na ya tatu ni kinga. Waya hizo mbili ni mapasa: unene mmoja, urefu mmoja, zimesokotwa pamoja. Kelele ikija inazigonga zote mbili sawasawa. Meza ya sauti inachukua tofauti tu kati ya mapasa hao. Kile kilicho sawa kwa wote wawili kinajifuta, na sauti ya mtu inabaki. Pacha mmoja akiwa mgonjwa, waya imekatika nusu au imeungwa vibaya kwenye fishi, mizani inapotea na mngurumo unaingia hewani.

Ndiyo maana tundu la fundi ni jambo kubwa. Waya iliyopita tundu moja ina unene mmoja mwanzo mpaka mwisho. Nyundo peke yake haiwezi. Viwanda vya leo vinavutia shaba kwenye matundu ya almasi, na kable za bei kubwa zinajisifu kwa shaba isiyo na oksijeni, yenye usafi wa 99.99 kwa mia, au kwa fedha halisi, inayopitisha umeme kuliko shaba kwa karibu 6 kwa mia tu. Ni kazi nzuri, lakini bei yake ni hadithi ingine. Mikro nyingi zina ukinzani wa omu 150 mpaka 200, na waya ya shaba ya kawaida ya mita mbili haifikishi hata omu moja. Msokoto mzuri, kinga isiyo na mwanya na fishi zilizoungwa sawasawa vinafanya kazi kubwa kuliko jina la duka.

Mwaka 1881, Marekani, Alexander Graham Bell, yule wa simu, alipata hati ya kusokota waya mbili pamoja ili kelele za waya za jirani zijifute. Mwaka huohuo M'siri alikuwa Bunkeya, na mafundi wa nchi yake walikuwa wanavuta. Huyu hakumjua yule.

Lakini utawala wa M'siri ulikuwa na uzito mwingine. Vikuku na watumwa vilipita njia moja, na shaba hiyohiyo ilipigwa kuwa risasi za bunduki. Kadiri miaka ilivyokwenda, alitawala zaidi kwa hofu. Wamisionari waliofika, kuanzia Frederick Stanley Arnot mwaka 1886, walikuta mji wenye mafuvu ya watu kwenye miti. Mwaka 1891 Basanga, wale waliompokea, walisimama dhidi yake. Mashamba yakaachwa na njaa ikaingia Bunkeya.

Na Wazungu walikuwa wamekwisha kunusa shaba. Alfred Sharpe alikuja kwa Waingereza mwaka 1890, M'siri akakataa mkataba. Watu wa Leopold II wakafuata: Le Marinel, Delcommune, kiisha Kapiteni Stairs, aliyefika Bunkeya tarehe 14 Desemba 1891 na askari wengi kutoka Zanzibari. Bendera ya Leopold walipandisha bila ruhusa ya mwenye nchi. M'siri akaondoka usiku, akaenda kijiji cha Munema. Tarehe 20 Desemba Kapiteni Bodson alimfuata pale, maneno yakawa makali, akampiga risasi akafa. Bodson naye akapigwa, akafa siku hiyo. Kichwa cha Mwami kilikatwa. Mtoto wake, Mukanda-Bantu, alipokea madaraka, lakini chini ya bendera ya wengine.

Miezi michache baadaye, mwaka 1892, mtaalamu wa mawe Jules Cornet alikuwa anazunguka Katanga akiandika shaba iko wapi. Mara nyingi alionyeshwa mashimo ya wenyeji. Mwaka 1906 ikaundwa Union Minière du Haut-Katanga, na mwaka 1911 tanuru la Lubumbashi likatoa shaba yake ya kwanza. Kuyeyusha kwa mkono kukakwisha. Tangu 1928 reli inayopita Kamina ilichukua shaba mpaka Ilebo, ikashuka mtoni na kuvuka bahari. Nyingi ilisafishwa Hoboken, Ubelgiji. Wakati wa ukoloni Lubumbashi ilipata kiwanda cha Latreca cha kuvuta nyaya na kutengeneza kable, lakini sehemu kubwa ya shaba iliendelea kutoka ikiwa mabamba, na kurudi ikiwa waya ndani ya ganda la plastiki.

Ujuzi wenyewe haukufa siku moja na M'siri. Mwaka 1926 askofu Jean-Félix de Hemptinne alichapisha maandishi juu ya walaji wa shaba, akieleza tanuru, mivukuto na kuvuta waya. Habari hizo zilitoka kwa Bayeke ambao bado walikuwa wanakumbuka kazi ilivyofanyika, tundu kwa tundu.