Ralph Bunche: Msuluhishi aliyetembea kati ya vyumba vya maadui

Mazungumzo ya amani yanapotajwa kwenye taarifa ya habari, mara nyingi tunasikia mambo mawili tu: yameanza, au yamevunjika. Katikati yake kuna kazi isiyosikika redioni. Ni ya mtu anayetoka chumba cha upande huu kwenda chumba cha upande ule, mchana na usiku, akibeba hoja za watu wasiotaka kutazamana usoni.

Ralph Bunche, Mmarekani mweusi, aliifanya kazi hiyo mwaka 1949, akasimamia makubaliano ya kusitisha vita kati ya Israel na majirani zake Waarabu.

Yatima aliyefika Nairobi

Bunche alizaliwa Detroit. Baba yake alikuwa kinyozi. Mama yake alifariki Ralph akiwa bado mdogo, akalelewa na bibi yake huko Los Angeles. Alisoma kwa bidii hadi kupata shahada ya uzamivu ya sayansi ya siasa katika Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1934.

Alitaka kuujua ukoloni kwa kuuona, si kwa kuusoma tu. Mwaka 1937 akiwa London alijifunza Kiswahili, na mwalimu wake alikuwa Jomo Kenyatta, aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa Kenya. Baadaye alifika Kenya yenyewe, na Wakikuyu wakampa jina la Karioki, yaani aliyerejea.

Mauaji ya Jerusalem

Mei 1948, taifa la Israel lilipotangazwa, majeshi ya nchi za Kiarabu yaliingia vitani. Umoja wa Mataifa ulimtuma Folke Bernadotte wa Sweden awe msuluhishi, na Bunche akawa msaidizi wake mkuu.

Tarehe 17 Septemba 1948 Bernadotte aliuawa kwa risasi ndani ya gari lake mjini Jerusalem na wanamgambo wa Kiyahudi wa kundi la Lehi. Afisa wa Kifaransa aliyeketi kando yake, Kanali André Sérot, naye aliuawa. Bunche alitarajiwa kuwa pamoja na Bernadotte siku hiyo, lakini alicheleweshwa njiani. Alibaki hai, na mzigo wa Bernadotte ukawa wake.

Hoteli moja, ghorofa tofauti

Januari 1949 Bunche aliwakutanisha wajumbe wa Misri na Israel kwenye kisiwa cha Rhodes, Ugiriki. Wote walikaa katika hoteli moja, kila ujumbe kwenye ghorofa yake. Kikwazo cha kwanza kilikuwa hiki: Misri haikutaka ionekane imeitambua Israel kwa kukaa nayo meza moja.

Bunche hakulazimisha. Alikutana na kila upande peke yake, akasikiliza, kisha akapeleka hoja upande wa pili akiwa ameziondolea makali. Pendekezo ambalo lingekataliwa kwa sababu tu limetoka kwa adui, aliliandika kama rasimu yake mwenyewe. Hivyo hakuna aliyeonekana kushindwa.

Pia alianza na jambo dogo. Kabla ya kugusa mipaka, aliwataka wakubaliane kuhusu ajenda na kuitia saini. Watu waliokwisha kutia saini karatasi moja, aliamini, hawataiogopa sana ya pili.

Mgogoro mkubwa ulikuwa Faluja, ambako maelfu ya askari wa Misri walikuwa wamezingirwa. Miongoni mwao alikuwamo afisa kijana, Gamal Abdel Nasser, aliyekuja kuwa rais wa Misri. Misri ilitaka askari wake watoke. Israel ilitaka mkataba kwanza. Mazungumzo yalipokwama, inasimuliwa kwamba Bunche aliwaonyesha wajumbe sahani za ukumbusho alizokuwa ameagiza kwa wafinyanzi wa kisiwani, akawatania kuwa wakikubaliana kila mmoja ataondoka na yake, la sivyo atawavunjia vichwani.

Baada ya takriban wiki sita, tarehe 24 Februari 1949, Misri na Israel zilitia saini. Wanajeshi wa Faluja wakarudi kwao. Lebanon ilifuata Machi, Jordan Aprili na Syria Julai.

Kilichobaki mezani

Mwaka 1950 Bunche alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel, mtu mweusi wa kwanza kuipata. Awali alitaka kuikataa, kwa hoja kwamba kuleta amani ndiyo iliyokuwa kazi yake. Nyumbani, alikataa cheo cha juu serikalini kwa sababu ya ubaguzi wa rangi uliokuwapo Washington.

Lakini yaliyotiwa saini yalikuwa makubaliano ya kusitisha vita, si amani kamili. Wapalestina, ambao takriban 700,000 walikuwa wakimbizi, hawakuwa na ujumbe wao Rhodes. Bunche aliweza kuwapatanisha waliokuwa na vyumba hotelini. Wasiokuwa na chumba hakuweza kuwabishia hodi. Mistari iliyochorwa pale ilidumu hadi vita vya mwaka 1967.

Bunche aliendelea kuutumikia Umoja wa Mataifa, ikiwemo nchini Congo mwaka 1960, hadi karibu na kifo chake Desemba 1971. Kwa hiyo utakaposikia tena kwamba mazungumzo fulani yameanza, usiulize tu nani anayasuluhisha. Uliza pia nani hakupewa chumba.