Adriano Atiman, Mganga wa Karema

Upande wa mashariki wa Ziwa Tanganyika, ikikabiliana na Mpala, iko misioni ya Karema. Huko alikaa miaka 67 mtu mmoja aliyejulikana na wenyeji kuwa mganga wao na mwalimu wao wa dini. Jina lake ni Adriano Atiman. Hakuzaliwa katika nchi hii, wala hakuwa na ndugu hata mmoja ndani yake. Alikuwa mtumwa aliyekombolewa.

Alizaliwa yapata mwaka 1866 huko Tundurma, penye mto Nijeri, karibu na mji wa Timbuktu. Alipokuwa mtoto bado, Watuareg walimkamata wakamtenga na wazazi wake. Akauzwa, akavushwa jangwa kubwa la Sahara pamoja na bidhaa nyingine. Mwaka 1876 hivi, Mapadri Weupe walimwona huko Metlili, katika nchi ya Aljeria, wakalipa bei yake, wakamchukua kwao. Wazazi wake walibaki mbali sana, ng'ambo ya jangwa.

Kardinali Lavigerie, mkubwa wa mapadri hao, alikuwa na shauri lake. Alitaka vijana weusi waliokombolewa wasomeshwe uganga, kisha warudi Afrika ya kati wakaponye watu na kufundisha dini. Kwa hiyo Atiman alipelekwa katika kisiwa cha Malta, akasoma huko miaka kadhaa. Mwaka 1888 alianza safari pamoja na wamisionari, na kutoka pwani wakaja kwa miguu pamoja na wapagazi. Mwaka 1889 akafika Karema.

Nchi aliyoikuta ilikuwa imeharibika. Wafanya biashara wa watumwa walikuwa na ngome zao kuanzia Ujiji hata Manyema, na bonde la mto Lukuga, unaopita upande wa Nyunzu, lilikuwa mojawapo ya njia zao. Watu walitolewa vijijini mwao wakiwa wamefungwa kongwa shingoni, wakapelekwa ziwani, wakavushwa kwa mitumbwi. Huko Mpala Kapteni Joubert, aliyekuwa zamani askari wa Papa, alikuwa amefika mwaka 1887, akawafundisha vijana wa nchi kutumia bunduki ili walinde vijiji. Mwishoni mwa mwaka 1891 Kapteni Jacques alijenga ngome mahali palipoitwa Albertville, karibu na Kalemie ya leo. Vita vilikuwa vikali. Watu wa Rumaliza, mkubwa wa Ujiji, waliizingira ngome hiyo, na nguvu zake hazikuvunjika mpaka mwanzo wa mwaka 1894.

Hata vita vilipokwisha, likazuka neno jingine ambalo bunduki haziwezi kulikata. Mtu ametolewa kongwa. Sasa aende wapi? Kijiji chake kimechomwa, au ni mbali mno, au alikamatwa mdogo hata hajui njia. Tena katika nchi yetu mtu asiye na ukoo hana wa kumsemea barazani, hana wa kumtolea mahari, hana shamba la babu yake. Mtu wa namna hiyo hukamatwa tena upesi, au humfuata mwenye nguvu yeyote apate kula.

Serikali ya Mfalme Leopold ilikuwa imekwisha toa sheria yake tarehe 12 Julai 1890. Watoto waliookolewa katika utumwa waliwekwa chini ya ulinzi wa Serikali, nao walipaswa kuifanyia kazi mpaka umri wa miaka 25. Vijana wengi waliokombolewa walitiwa askarini. Ni vigumu kuuita huo uhuru kamili; mtoto alibadilishiwa bwana tu. Mwaka 1892 misioni nazo ziliruhusiwa kuwapokea watoto hao. Huko walipata chakula, mafundisho na amani, na hayo yalikuwa mema makubwa. Lakini hata misionini waliokombolewa walikaa chini ya amri ya mapadri: walipewa shamba la kulima, na mara nyingi walichaguliwa mchumba miongoni mwa wenzao waliokombolewa pia.

Atiman aliyajua mambo hayo kwa maisha yake mwenyewe. Yeye naye alinunuliwa kwa fedha, akapelekwa alikopelekwa, akasomeshwa kazi waliyomchagulia wengine. Lakini kazi ile ikawa mali yake, wala hakuna aliyeweza kumnyang'anya. Aliosha na kushona majeraha, alikata viungo vilivyooza, alitoa dawa, na jioni alifundisha katekisimu. Mgonjwa hakuulizwa kwanza kama ni mtumwa au mtoto wa mtemi.

Naye akaoa. Mke wake alikuwa Agnes Wansahira, wa jamaa ya watemi wa Wabende, wenyeji wa nchi ile. Jambo hili si dogo. Mtu aliyeletwa kutoka Nijeri bila ukoo alipata mashemeji na wakwe, akapata mahali pa kuketi watu wanapokata shauri. Mkatekumeni hupewa jina jipya siku ya ubatizo, lakini shemeji hapewi na padre. Humpata kwa watu, nao wakubali.

Upande ule wa ziwa sheria ilikwenda polepole. Wadachi hawakuuondoa utumwa mara moja. Waliamuru kwamba watoto watakaozaliwa na watumwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905 watakuwa huru. Wazazi wao walibaki watumwa mpaka wajikomboe au wapewe hati ya uhuru. Basi nyumba moja iliweza kuwa na mtoto huru na mama mtumwa. Waingereza walipoishika nchi ndipo sheria ya mwaka 1922 ilipoufuta utumwa wote wa Tanganyika. Wakati huo Atiman alikuwa amekwisha kaa Karema miaka 33 akitibu watu.

Adriano na Agnes walipata mtoto, Yosefu, naye akawa padre. Mzee Atiman aliendelea na kazi yake hata nywele zake zikawa nyeupe kabisa. Alifariki Karema tarehe 24 Aprili 1956, mwenye umri wa miaka 90 hivi.